Ugomvi wa Majid na Barghash ulianza na baba yao

Kisa cha Seyyid Majid na Seyyid Barghash husimuliwa kama kisa cha ndugu mwema na ndugu mwenye tamaa. Majid ni mpole, mkarimu, kijana wa kifafa ambaye kila mtu alimpenda. Barghash ni mkali, msiri, asiyejua kungoja zamu yake. Msimulizi huanza na jeneza lililoshushwa pwani ya Unguja usiku mwaka 1856, akapita kwenye vita vya shamba la Marseille mwaka 1859, akamaliza kwa kumpeleka Barghash uhamishoni Bombay. Msikilizaji huondoka akijua nani wa kumpenda na nani wa kumlaumu. Sikubaliani na usimulizi huu. Unamwacha nje mtu aliyeyapanga yote, na tumemwacha nje kwa heshima, kwa sababu ni baba, na kwa sababu ni Seyyid Said bin Sultan, mtu aliyehamishia makao yake Unguja na kuifanya kuwa kitovu cha biashara ya bahari nzima ya magharibi ya Hindi. Heshima hiyo anaistahili. Lakini ugomvi wa wanawe ulitoka mikononi mwake, na huko ndiko unakopaswa kuanza kusimuliwa.

Tuutazame kwanza usiku wenyewe. Seyyid Said alifariki tarehe 19 Oktoba 1856 ndani ya manowari yake, Victoria, karibu na Shelisheli, akitoka Maskati kurudi Unguja. Barghash, kijana wa miaka kama kumi na tisa, alikuwa naye chomboni. Mtu akifa safarini mbali na nchi kavu, aghalabu huoshwa, husaliwa na kutoswa. Barghash hakukubali baba yake atoswe. Mzee mwenyewe alikuwa amepakia mbao za jeneza kabla ya kung'oa nanga, kama mtu aliyekwisha kuhisi ajali yake, na maiti ikalazwa humo mpaka Unguja. Majid alipopata habari kwamba meli za baba zimeonekana, aliingia mashuani kwenda kuzilaki, hajui kuwa amekwisha kuwa yatima. Wakati yuko baharini, Barghash aliteremka pwani gizani na jeneza, akamzika baba yao, akaizingira nyumba ya kaka yake kwa askari, akajaribu kuishika Ngome. Jemadari wa Kibaluchi aliyekuwa akiilinda alimkatalia. Kulipokucha mpango ulikuwa umeharibika, na siku chache baadaye Majid ndiye aliyetangazwa mtawala.

Watoto wengine waliamka wakaambiwa baba amekufa na amekwisha kuzikwa. Bibi Salme, dada yao mdogo, alikuwa na miaka kumi na miwili. Yeye ndiye aliyetuachia masimulizi ya ndani ya nyumba ile, katika kumbukumbu alizozichapisha Berlin kwa Kijerumani mwaka 1886. Kwa hesabu yake watoto waliokuwa hai siku ile walikuwa thelathini na sita, wa kiume kumi na wanane na wa kike kumi na wanane. Wengi wao walikuwa wakimngoja mzee kwa zaidi ya miaka miwili. Hawakumwona uso.

Hili ni kosa la Barghash na silifuti. Lakini ni kosa la aina gani? Angalijua kwamba kiti si chake, angaliteremka mchana na msiba wa baba yake, akampa kaka yake mkono wa pole. Angalijua kwamba kiti ni chake, pia angaliteremka mchana, akaita wazee na kusimamia alichoachiwa. Aliteremka usiku kwa sababu hakujua. Na kutojua kwake hakukuwa ujinga wa kijana. Hakuna mtu Unguja aliyejua kwa yakini, Majid naye akiwamo.

Majid alikuwa nani siku ile? Tangu Aprili 1854 baba yao alikuwa Omani. Aliyeachwa kushika Unguja ni mwanawe Seyyid Khalid, na Khalid akafariki Novemba mwaka huohuo. Kutoka ng'ambo, Seyyid Said akaagiza Majid ashike nafasi. Nafasi ipi? Kukaimu mpaka mzee arudi, au kurithi kila alichokuwa ameahidiwa Khalid? Neno moja lililosemwa barazani, mbele ya wanawe na mbele ya Maharthi, kabila la Kiarabu lenye nguvu, na mabwana wengine wa Kiarabu, lingalitosha. Halikusemwa. Majid akawa na kiti bila hati, na Barghash akakaa miezi yote ya safari ya mwisho karibu na baba ambaye angeweza kusema wakati wowote.

Wivu kati ya ndugu tunauchukulia kama tabia ya mtu, kana kwamba mtoto mmoja huzaliwa na moyo mweupe na mwenzake na moyo mweusi. Nimewaona watu wakiutumia hata msemo wa fahali wawili kutokaa zizi moja, wakidhani wameshauri jambo. Basi tumtazame Seyyid Said mwenyewe alipokuwa kijana, maana naye alikuwa mmoja wa watoto wawili walioachwa na baba katika fujo.

Baba yake, Sultan bin Ahmad, aliuawa baharini mwaka 1804 na kuacha wana wawili wadogo waliotajwa kwa pamoja, Salim na Said. Mwenye nguvu akatokea kuwa binamu yao mkubwa, Badr bin Saif. Mwaka 1806 Said, akiwa na miaka kama kumi na mitano, alimchoma Badr jambia huko Barka, na nyuma ya pigo lile alikuwapo shangazi yao, Bibi Moza bint Ahmad, mwanamke aliyejua siasa kuliko wanaume wengi wa zama zake. Salim alikuwa mkubwa kwa Said. Angeweza kudai. Alimwachia mdogo wake mambo, wakaendelea kutajwa wote wawili kuwa watawala, wakaishi hivyo mpaka Salim alipofariki mwaka 1821. Miaka kumi na mitano fahali wawili walikaa zizi moja, na damu yao haikumwagika.

Naamini mambo haya mawili ndiyo yaliyomtengeneza Said kuwa baba wa namna aliyokuwa. Kwa Badr alijifunza kwamba kiti hupewa anayethubutu. Kwa Salim alijifunza kwamba ndugu wa kweli hujua mahali pake bila kuambiwa. Mafunzo hayo hayakai pamoja, lakini yeye yalimfaa yote mawili, na mtu aliyefaulu kwa njia fulani huona kila njia nyingine ni ya kupoteza muda. Akawalea wanawe akingoja mmoja wao awe Salim. Barghash alikuwa Said mtupu, kwa ujasiri na kwa haraka.

Nyumba ya Mtoni, kasri ya Seyyid Said, ilikuwa na desturi zake. Mke mkuu, Bibi Azza bint Seif, hakujaliwa mtoto. Watoto wote walikuwa wa masuria, na kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni mtoto kamili, hapunguziwi kitu. Kwa hiyo hapakuwa na mtoto wa nyumba kubwa na mtoto wa nyumba ndogo. Wote walikuwa sawa, na usawa ule ulikuwa jambo jema sana. Salme anaeleza jinsi meli ziliporudi na bidhaa za ng'ambo, ghala zikafunguliwa na kila mmoja akapata fungu lake. Mtoto wa kiume akifikia utu uzima alipewa nyumba yake, watumwa, farasi na posho ya kila mwezi. Majid alipofika umri huo alipewa Bait al-Watoro, na mama yake Salme, Jilfidan, akahamia huko na binti yake kwa sababu ya urafiki wake na mama wa Majid.

Chini ya usawa huo kulikuwa na mpasuko. Jilfidan na mama wa Majid walikuwa Wacherkesi. Mama wa Barghash na umbu lake Meje alikuwa Mhabeshi. Wanawake wa pande hizi mbili hawakuchanganyika sana, na watoto wa Wacherkesi waliitwa paka na ndugu zao kwa sababu ya macho ya buluu ya baadhi yao. Matani ya watoto, mtu atasema. Lakini katika nyumba yenye mama wengi, mtoto hujifunza mapema kuhesabu: baba kaingia chumba kipi, kacheka na nani, kamwita nani kwanza. Baba asiyesema huwafanya watoto wasomaji wa uso wake. Na kila mmoja husoma kinachomfaa.

Seyyid Said alikuwa mwadilifu katika vitu. Sijasoma mahali alipomnyima mtoto nguo au posho kwa sababu ya mama yake. Haki aliyowanyima ni ya kuambiwa.

Alikwisha kuwanyima kabla, kwa Hilal. Hilal ndiye aliyekuwa mkubwa wa wanawe, na baba alimkataa. Salme anasema ni ulevi, aliofundishwa na Wazungu wa mjini. Wengine wameandika kuwa ni fedheha ndani ya nyumba ya wanawake. Wengine wamemtaja Bibi Khurshid, mama wa Khalid, aliyekuwa na akili nyingi na mwana wa kumwinua. Sababu tatu kwa tendo moja la baba ni dalili ya siri iliyotunzwa na kila mtu kwa namna yake. Mwaka 1844 Seyyid Said alimwandikia Lord Aberdeen, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, kwamba baada yake Khalid atatawala upande wa Afrika na Thuwaini, mwanawe mwingine, upande wa Omani. Jina la Hilal halikuwamo katika ugawaji huo. Mwaka uliofuata Hilal alisafiri mpaka London kulalamika.

Nataka msomaji akae kidogo na safari hiyo. Mtoto mkubwa amekosana na baba yake, hana baraza la kumsikiliza, anapanda meli kwenda kumshitaki mzazi kwa wageni wa dini nyingine na lugha nyingine, kwa kuwa huko ndiko baba alikopeleka maneno yake. Hakupata kitu. Alifariki Aden mwaka 1851. Barghash alikuwa na miaka kama kumi na minne wakati huo. Katika nyumba ile kila mtoto wa kiume aliona kwamba baba anaweza kukufuta bila kukuita, na kwamba karatasi yenye hatima yako inaweza kuwa iko sandukuni mwa Mwingereza.

Hapa uaminifu wa watoto uliharibika, naona, kuliko popote. Uaminifu kwa baba ulikuwa bado upo. Barghash asingehangaika kuileta maiti ya baba yake nchi kavu kama hakumpenda. Uliokufa ni uaminifu wa ndugu kwa ndugu, kwa kuwa ndugu aliye karibu ndiye anayeweza kuwa amekwisha kutajwa.

Mwaka 1859 matunda yakaonekana. Thuwaini, kutoka Maskati, alidai Unguja. Kulikwisha kuwa na suluhu ya Majid kulipa reale 40,000 kila mwaka, kisha wakagombana kama fedha hiyo ni hisani ya ndugu au ni kodi ya mtu aliye chini. Thuwaini akatuma meli na Waingereza wakazirudisha. Ndani ya Unguja kwenyewe Barghash alikuwa akikusanya watu, hasa Maharthi, na nyumba ya dada zake ndiyo iliyokuwa makao ya njama. Bibi Khole na Bibi Meje walikuwa upande wake. Mwandishi wao alikuwa Salme, msichana wa miaka kumi na mitano, aliyejifunza kuandika kwa siri kwa kunakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa sababu wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma tu.

Salme ndiye shahidi wangu mkubwa katika hoja hii. Kwa moyo wake alikuwa mtu wa Majid. Ndiye aliyeishi naye, ndiye aliyemfundisha kupanda farasi na kulenga shabaha. Mama yake alikuwa amefariki mwaka huohuo kwa kipindupindu, na aliyemkumbatia akawa Khole. Khole alikuwa amekosana na Khaduj, umbu la Majid. Kwa hiyo Salme alimwandikia Barghash barua za uasi bila ya kumchukia Majid; alimpenda Khole. Ukizichunguza njama nyingi za ukoo utakuta hivyo: ni mapenzi ya mtu mmoja yanayomvuta mwingine kumpinga wa tatu. Anaeleza jinsi nyumba ya Barghash ilivyozingirwa na askari wa Majid, chakula na maji vikazuiwa, na jinsi yeye na Khole walivyopita usiku kwenye mistari ya askari, wakamvika kaka yao mavazi ya kike, wakamtoa mpaka shambani. Shamba lenyewe, Marseille, lilikuwa limeachwa na marehemu Khalid, aliyelipa jina hilo kwa mapenzi yake kwa Wafaransa. Hata uwanja wa vita ulikuwa sehemu ya urithi.

Barghash alishindwa. Alirudi mjini akajifungia nyumbani mwake, mpaka konseli wa Uingereza, Rigby, alipokuja na askari wa majini na risasi zikaanza kupiga madirisha. Dada zake wakalia mpaka akakubali kutoka. Alipelekwa Bombay, pamoja na mdogo wao Abdulaziz, mtoto wa miaka kumi na miwili aliyekubali uhamisho kuliko kumwacha kaka yake. Majid hakumwua Barghash, wala hakumwadhibu Salme. Watu husema ni upole wake, nami nakubali, Majid alikuwa na moyo wa nadra. Lakini naona pia kwamba alijua hoja ya mdogo wake haikuwa upuuzi. Mtu mwenye hati safi mkononi huwa mkali zaidi kwa anayempinga.

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, na wakipatana chukua kikapu ukavune. Waingereza hawakwenda kulima. Walikaa katikati, wakavuna ugomvi wenyewe. Tarehe 2 Aprili 1861 Lord Canning, aliyekuwa akitawala India kwa niaba ya Uingereza, alitoa uamuzi kwamba Unguja na Omani ni nchi mbili na Majid alipe reale 40,000 kila mwaka bila ya kuwa chini ya Maskati. Dola ya Seyyid Said iligawanywa na mtu aliyekaa Calcutta. Nawaomba wanaomsifu Said kwa kujenga dola ile, na mimi ni mmoja wao, wakumbuke iligawanywaje. Haikushindwa vitani. Mwenyewe hakuiachia neno.

Nimejibiwa mara nyingi kwamba nadai jambo lisilowezekana. Ibadhi, madhehebu ya ukoo ule, hawaurithishi uimamu. Kiongozi huchaguliwa na wanaofaa. Kumtaja mrithi mapema ni kumweka shabaha mbele ya ndugu kumi na saba. Na huyo Khalid alitajwa, akafa kabla ya baba, Thuwaini akatajwa, na bado akaishia kuuawa na mwanawe mwenyewe, Salim, huko Sohar mwaka 1866. Hoja hizi si nyepesi. Kama Said angaliacha jambo kwa wazee kuchagua, kwa uwazi, na wanawe wakajua hivyo, ningenyamaza. Lakini alishika yote mawili: aliandika kama mfalme wa kurithisha, na akanyamaza kama imamu. Baada ya Khalid kufa alikuwa na karibu miaka miwili ya kusahihisha barua ile. Alikuwa na mwana mmoja Unguja na mwingine ubavuni mwake. Kuhusu hatari ya kutajwa, Majid aliingia hatarini vilevile bila ya kutajwa, tena bila ya ngao ya neno la baba.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu nayaona katika nyumba zetu, na hakuna usultani ndani yake. Mzee ana duka, mashine ya kusaga, shamba la mikarafuu au la migomba. Ana vijana wawili. Mmoja amekaa naye, ameacha shule, kila asubuhi anafungua mlango wa duka. Mwingine yuko Muscat au Nairobi anatuma fedha, na fedha hizo ndizo zilizoezeka nyumba. Kila mmoja anaamini mzee anajua thamani yake. Mzee anajua, lakini hasemi, akisema moyoni kwamba sheria itagawa. Ni kweli itagawa. Kadhi atagawa mafungu, au mahakama ya mwanzo itateua msimamizi wa mirathi, na kila mtu atapata chake. Lakini sheria hugawa mali. Haisemi nani alikuwa mwaminifu, nani alijitoa, wala nani aendelee kukaa kwenye kile kiti cha mlangoni. Neno hilo ni la baba peke yake, na akifa nalo, vijana wataligombania ndani ya hesabu za matofali na mabati. Mwislamu anaruhusiwa kuusia mpaka theluthi ya mali yake kwa wasio warithi. Kuwaambia warithi ukweli hakuna kiwango.

Kuna na siri ile nyingine, ya mtoto ambaye ndugu zake wanamwona mara ya kwanza kwenye matanga ya baba. Watu humkasirikia mtoto. Anakuja na picha, anakuja na barua, mama yake amekaa ukumbini kimya, na wakubwa wa nyumba wanamwita mwizi wa mirathi. Mtoto yule hana kosa hata moja. Baba alimpenda kwa siri miaka ishirini, na mapenzi ya siri ni mzigo aliomtwisha aubebe peke yake siku ya mazishi.

Nirudi kwa Barghash, kwa sababu kisa chake hakikuishia Bombay. Alirudi, na Majid alipofariki Oktoba 1870 bila ya mtoto wa kiume, hatimaye kiti kikawa chake. Alitawala mpaka alipofariki mwaka 1888. Alikuwa mtawala mkubwa, naamini mkubwa kuliko kaka yake. Aliuletea mji maji safi ya mifereji, akajenga Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, mwaka 1883, na aliyoyaona India yakamfungua macho kwa mambo mengi. Uwezo aliokuwa nao ulikuwa kweli, na hapo ndipo ninapomhurumia kijana wa mwaka 1856.

Lakini kwa ndugu zake alikuwa amekwisha kuwa mtu asiyeamini. Salme ameandika kwamba mara alipokalia kiti alimtia mdogo wao Khalifa kifungoni, chini ya ardhi, kwa minyororo mizito, akakaa humo miaka mitatu bila ya kuambiwa kosa, mpaka dada yao mmoja aliyekuwa akienda Hija akakataa kumpa Barghash radhi kabla Khalifa hajafunguliwa. Bila ya kuambiwa kosa: adhabu ya Hilal iliyofufuliwa, safari hii na kaka badala ya baba. Barghash alimfunga Khalifa kwa hofu kwamba atamfanyia alichomfanyia Majid. Na Salme, aliyemwandikia barua zake, hakusamehewa kwa kupatana na Majid baadaye. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani. Alipokuja mwaka 1885 na meli za Kijerumani kudai mirathi, kaka yake alikataa kumpokea. Dini ilikuwa sababu ya kutosha kisheria, lakini aliyekataa hata kumwona alikuwa pia mtu aliyehesabu nani alikuwa upande wa nani miaka ishirini na sita nyuma.

Khalifa, yule wa minyororo, ndiye aliyerithi kiti Barghash alipokufa. Barghash naye alikuwa na mwana, Khalid. Mwaka 1893 kijana huyo alijaribu kuingia kasri mara tu mtawala alipofariki, akazuiwa. Tarehe 25 Agosti 1896 akafa mtawala Hamad, mtoto wa Thuwaini, na Khalid akaingia tena kabla wakubwa hawajakaa, akajitangaza, akafunga milango: kitendo cha baba yake, kwa haraka ileile na kwa imani ileile kwamba anayetangulia ndiye mwenye haki. Siku mbili baadaye Waingereza walilipiga kasri kwa mizinga kwa dakika kama thelathini na nane, na mamia ya watu wakafa au kujeruhiwa, wengi wao watumishi na askari ambao hawakuwa na mirathi yoyote ya kugombea. Khalid alikimbilia kwa Wajerumani, nao wakampa makazi Dar es Salaam, mji ulioanzishwa na Majid.

Vitabu vya shule humtaja Khalid kwa ufupi wa vita vyake. Ningependa atajwe kama mjukuu. Alikuwa mtu wa tatu katika mstari mmoja kuamini kwamba cheo hakisemwi, kinashikwa. Wa kwanza alifaulu kwa jambia, wa pili alifaulu baada ya miaka kumi na minne, wa tatu hakufaulu kabisa, na wote watatu walilelewa na wanaume waliojua kuongea na mabaharia, na mabalozi, na wafanyabiashara wa pembe kutoka bara, lakini hawakuwahi kuwaweka wana wao wawili mkekani na kuwaambia: wewe hiki, na wewe hiki, na sababu yake ni hii.